Redio ya gari ilisema "Malkia Wangu", simu ikasema "Mama": ndoa ya Kasulu ilivyoponea chupuchupu kwa sababu ya Bluetooth

Kila mwenye gari lenye redio ya kioo kikubwa anaijua ile raha. Unaingia, unawasha, simu iko mfukoni, redio inaitambua yenyewe na muziki unaendelea pale ulipoishia jana. Simu ikiita, wimbo unanyamaza, jina la anayepiga linatokea katikati ya gari kwa herufi kubwa, na kila aliyepanda analisoma. Hapo ndipo raha inapogeuka mtihani. Simu ya mkononi unaweza kuilaza kifudifudi mezani. Redio ya gari huilazi.

Kasulu, mkoani Kigoma, kuna mke na mume wanaoweza kukusimulia habari hii mpaka kunakucha. Majina yao hayana kazi hapa, maana ndoa bado ipo na Kasulu watu wanajuana.

Mume ni dereva. Ana Probox yake mwenyewe, anapiga ruti ya Kasulu mjini na Kabanga, na abiria wa mbali wakipatikana anasogea mpaka Kibondo. Gari lilipokuja kutoka Japani lilikuwa na redio yake ya asili, maandishi yote ya Kijapani. Kila akiwasha asubuhi, sauti ya mdada ilikuwa inamwambia maneno ambayo mpaka leo hajui kama ni salamu au onyo. Akaichoka, akaing'oa, akafunga ya Kichina yenye kioo kama cha tableti.

Wiki hiyo hiyo mgongo ukamkamata, akaambiwa apumzike. Gari likaendeshwa na mdogo wake kwa miezi miwili. Dogo naye ni kijana wa mjini, siku ya kwanza tu aliunganisha simu yake na redio, akaruhusu kila kilichoulizwa, majina yote ya kwenye simu yake yakaingia. Mgongo ulipopoa, kaka akarudi kwenye usukani na kuunganisha simu yake mwenyewe. Muziki ukapiga. Simu zikaingia na kutoka. Akasema mambo safi.

Kulikuwa na kitu kimoja tu cha ajabu. Baadhi ya watu wakipiga, kioo kilionyesha jina. Wengine wakipiga, kilionyesha namba tupu, hata kama jina lao analo kwenye simu. Hakujali. Nani ana muda wa kubishana na redio wakati abiria wanagonga bodi?

Ili uelewe kilichofuata, inabidi ujue habari ya Fundi Tairi.

Mwaka mmoja nyuma, gari lilipata pancha nje ya nyumba yao. Mume alikuwa bafuni. Mke, kwa roho nyeupe kabisa, akachukua simu ya mumewe ili amsaidie kuita fundi. Akatafuta, akakuta "Fundi Tairi", akapiga. Ikapokelewa na sauti laini ya kike: "Niambie, mpenzi."

Kasheshe yake iliwafikia wazee wa pande zote mbili. Kikao kikakaa, mume akapiga magoti, namba ikafutwa mbele ya mashahidi. Ikaisha. Ila wanawake wanajua, kuna mambo yanaisha kikaoni na kuna mengine yanabaki yamekaa pembeni yanasubiri siku yake.

Siku yake ilifika jioni moja ya msimu wa mvua. Mke alikuwa amekwenda Kabanga kununua maharage ya genge lake, akapandia gari la mumewe kurudi Kasulu. Yeye mbele, abiria nyuma wamebanana kama kawaida ya Probox, wingu limeshuka, matone yameanza. Walikuwa bado hawajatoka Kabanga. Redio ikanyamaza. Kioo kikawaka: MALKIA WANGU, na mbele ya jina vibox viwili vitupu.

Mume alitazama kioo, akashtuka, akabonyeza kitufe chekundu. Hapo ndipo alipojiharibia.

Nyuma abiria mmoja akakohoa.

"Malkia wako ni nani, baba watoto?"

"Simjui."

"Humjui, na umemkatia?"

Kabla hajapata jibu, ikaita tena. Malkia Wangu, vibox viwili. Akakata tena, mkono unatetemeka. Halafu akili ikamrudia, akasimamisha gari pembeni, akachomoa simu mfukoni kuangalia kilichoandikwa huko. Akaona, uso ukang'aa. Kwenye simu kumeandikwa "Mama laini mpya". Akampa mkewe simu kama mtu aliyeokota tiketi ya bahati nasibu. "Ona! Ni mama!"

Mke akaangalia simu, akaangalia redio, akacheka kile kicheko kisicho na meno.

"Mama. Kama alivyokuwa Fundi Tairi."

Mtego ulikuwa huu. Namba moja, majina mawili. Redio inasema malkia, simu inasema mama. Kwa mwanamke aliyewahi kuitikiwa "mpenzi" na fundi wa matairi, hesabu ni nyepesi: simu ndiyo inayodanganya, kwa sababu simu inahaririwa na mtu. Redio haina sababu ya kumficha mtu.

Mume akapiga kurudisha. Haipatikani. Mke akapiga namba ya zamani ya mama mkwe, ile anayoijua yeye. Nayo haipatikani. Hakuna kati yao aliyejiuliza kama laini zote mbili zinaweza kuwa ndani ya simu moja iliyokwisha chaji.

Usiku mke akafanya ule upelelezi ambao kila Mtanzania anaujua. Akaingiza ile namba kama anataka kuitumia pesa, shilingi 1,000, ili aone imesajiliwa kwa jina gani. Likaja jina la kike, la ubatizo, ambalo hajawahi kulisikia maishani mwake. Akafuta muamala. Mama mkwe wake amemjua siku zote kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Fulani, na kwa heshima ya mkwe hakuwahi kumuuliza jina lingine. Kwa hiyo mwanamke wa kwenye simu sasa alikuwa na majina matatu, na hakuna hata moja la kumpa mke usingizi.

Asubuhi begi lilikuwa tayari limefungwa. Anakwenda kwao Kibondo. Mume hakubisha, alishabisha usiku kucha. Akaweka begi nyuma ya Probox, akawasha gari. Simu ikaita. Namba ngeni, haina jina kwenye redio wala kwenye simu.

"Pokea hapo hapo kwenye spika," mke akasema. "Tusikie wote."

Akapokea.

"Mwanangu." Ilikuwa sauti ya mama yake, ameazima simu ya mtu. "Jana nimekukosea nini mpaka unanikatia simu mara mbili?"

Gari lote kimya.

Mama akaeleza bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. Alikuja kliniki ya presha pale hospitali ya misheni, Kabanga. Nauli ya kurudi iliishia kwenye dawa. Mtoto wake mdogo akamwambia asihangaike, kaka anapita jioni na gari, ampigie tu atamchukua. Akapiga. Ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa. Kisha chaji ikaisha. "Na gari lako nililiona linapita," akasema. "Nikapunga mkono, mvua ikawa kubwa." Amelala kwa mama mmoja muuza uji aliyemuonea huruma.

Mke ndiye aliyesema: "Geuza gari."

Walipofika Kabanga, mke alishuka, akahamia nyuma, akampisha mama mkwe akae mbele. Njiani akamuuliza kwa aibu, mama, hivi kwenye kitambulisho cha NIDA umeandikwaje? Mama akataja. Lilikuwa lile lile jina la usiku. Ile laini mpya alinunuliwa na dogo, mwenyewe akaweka alama za vidole.

Dogo alipopigiwa simu na kuulizwa huyo Malkia Wangu ni nani, alishangaa swali. "Sasa shemeji, malkia wangu mimi atakuwa nani kama siyo mama?"

Mchana huo huo Probox ikapelekwa kwa fundi wa redio za magari mjini Kasulu, kijana mdogo mwenye maneno machache. Alichowaeleza kinafaa kila mtu anayeunganisha simu na gari, uwe na Probox ya Kasulu au Harrier ya Masaki.

Kwanza, simu na redio zinaongea kwa njia zaidi ya moja. Kuna njia ya muziki, kuna njia ya sauti ya simu, na kuna njia ya majina. Zote zinapita kwenye Bluetooth lakini kila moja ina mlango wake. Ndiyo maana muziki unaweza kupiga vizuri kabisa na majina yasionekane, au yakaonekana ya ajabu. Muziki kufanya kazi si ushahidi kwamba majina yako sawa.

Pili, redio haisomi simu yako muda wote. Inanakili. Unapounganisha na kuruhusu, inavuta orodha ya majina na kuiweka kwake, halafu namba ikiita inatafuta kwenye ile nakala. Redio nyingi zinatenga orodha ya kila simu, na nyingine zinafuta nakala simu ikiondoka. Ile ya Kichina ilikuwa na sehemu moja tu ya kuhifadhi, na aliyeijaza ni dogo. Kwa hiyo mtu yeyote aliyekuwa kwenye simu ya dogo alitokea kwa jina alilopewa na dogo. Aliyekuwa kwenye simu ya kaka peke yake alitokea kama namba tupu.

Vile vibox navyo vikapata maelezo. Redio haina zile picha za emoji, ikikutana nazo inachora kibox. Dogo aliweka kopa na taji. Mke akasema, "Nilijua tu kimoja ni kopa."

Halafu fundi, bila kujua anaongea mbele ya nani, akatoboa jambo. "Kaka, tatizo lilianzia kwako. Siku unaunganisha, simu ilikuuliza kama redio iruhusiwe kuona majina na historia ya simu. Wewe ukakataa. Ndiyo maana redio ikabaki na ya zamani."

Mke akamgeukia mumewe taratibu. "Ulikataa kwa nini?"

Mume akasema alibonyeza bila kusoma. Inawezekana. Watu wengi wanabonyeza bila kusoma. Fundi akainamisha kichwa kwenye redio, akaendelea na kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, na unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa umepaki.

Alianza kwenye redio, akafungua orodha ya simu zilizowahi kuunganishwa, akafuta zote. Akaingia kwenye kitabu cha majina cha redio, akakifuta pia, kwa sababu kufuta simu si lazima kufute majina yake. Kisha akachukua simu ya mume, akaingia kwenye Bluetooth, akaigusa redio na kuisahaulisha. Ukifuta upande mmoja tu, ule mwingine bado unakumbuka mambo ya zamani na unganisho linakuwa na mauzauza.

Akazima vyote, akawasha, akaunganisha upya. Swali la majina lilipotokea, akampa mume simu abonyeze mwenyewe. Mume akabonyeza "Ruhusu", mke akiwa anatazama. Kama swali hilo limekupita, kwenye simu nyingi za Android unalikuta ndani ya Bluetooth, ukigusa ule mchoro wa gia pembeni ya jina la redio. Kuna swichi ya kuruhusu majina. Kwenye iPhone nako ni hivyo hivyo, unagusa alama ya "i" pembeni ya jina la redio, unawasha swichi ya kusawazisha majina. Baada ya hapo ipe redio dakika chache imalize kuvuta. Ukiwa na majina mengi inachelewa, na nyingine zina kikomo cha majina zinazoweza kubeba.

Bado majina kama kumi hayakutokea. Fundi akauliza yamehifadhiwa wapi. Yalikuwa kwenye laini. Watu wengi wanasahau kuwa namba zinaweza kukaa sehemu tatu: kwenye laini, kwenye simu yenyewe, au kwenye akaunti kama ya Google. Redio nyingine haziletewi zile za kwenye laini. Akayahamishia kwenye akaunti, yakatokea. Faida nyingine ni kwamba simu ikiibiwa, namba zako hazipotei nayo.

Cha mwisho ni namba zenyewe. Mume alikuwa amehifadhi nyingine kwa 07, nyingine kwa +255. Baadhi ya redio zinashindwa kujua kuwa hao ni mtu mmoja. Zihifadhi zote kwa +255. Kwa watu wa Kigoma hili lina uzito wa pekee, maana Burundi ni jirani. Ukisogea Manyovu simu inaweza kudaka mtandao wa ng'ambo, na ukipiga 07 kutokea huko haiendi, lakini +255 inaenda popote. Na ndugu wa Burundi waandike kwa +257, wa Kongo kwa +243.

Kazi nzima ilichukua muda wa soda moja.

Kuna jambo jingine ambalo wenye magari wanalipuuza. Orodha ya simu yako si yako peke yako, ina namba za mama yako, daktari wako, bosi wako, na hao wengine unaowajua mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwa sababu taarifa kama hizi zina thamani. Ila sheria haitaingia kwenye gari lako kukufutia redio. Ukiuza gari, ukirudisha la kukodi, au dogo akimaliza miezi yake miwili, futa kabla hujatoa funguo.

Bluetooth, kwa taarifa yako, imepewa jina la mfalme wa Denmark wa karne ya 10, Harald Bluetooth, anayekumbukwa kwa kuwaunganisha watu wa nchi yake. Walioipa jina hilo miaka ya 1990 walitaka vifaa viunganike. Kasulu kidogo ivunje nyumba.

Begi la mke lilirudi ndani siku hiyo hiyo. Kwa mama mkwe aliomba radhi, kwa kupiga magoti kabisa, na mama akamwinua akamwambia yamekwisha, mwanangu. Kwa mumewe hakuomba. Alimwambia kitu ambacho mume mwenyewe amekuwa akikirudia kijiweni kwa wenzake: "Nimemkosea mama. Wewe sijakukosea. Kama si Fundi Tairi, jana ningecheka tu, nikakwambia pokea."

Na wenzake kijiweni hawakumtetea. Maana ni kweli. Mwanamke ambaye hajawahi kudanganywa angeona Malkia Wangu akadhani ni utani wa shemeji. Na mwanaume asiye na historia asingekimbilia kitufe chekundu kabla hajajua nani anapiga. Alikata kwa sababu aliogopa, na aliogopa kwa sababu anajua alishawahi kuwa na cha kuogopa. Bibi mmoja mwenye presha akanyeshewa kwa ajili hiyo.

Siku hizi redio ya Probox inasema ukweli mtupu. Mama akipiga panatokea "Mama". Dogo amekataa katakata kubadilisha kwake, malkia amebaki malkia na taji lake. Fundi wa matairi naye yupo, safari hii wa kweli, ameandikwa jina lake, la baba yake na mtaa anaofanyia kazi. Na mume amejiwekea sheria: simu ikiita wakiwa wote garini anapokea kwenye spika, hata awe mtu wa mkopo.

Mke bado hajasema kama amesahau. Ila genge linaendelea, maharage ya Kabanga bado anayafuata, na akipanda anakaa mbele.

Wewe je? Leo hii ukiunganisha simu yako na redio ya gari, mwenza wako amekaa pembeni, na lile swali likatokea: unabonyeza "Ruhusu" au "Kataa"?